Kumjua Mrushaji Hodari

Ukitaka kumpima mrushaji wa besiboli, usianzie kwenye kipima mwendo. Wapigaji wa ligi kuu ya Marekani huizoea kasi, na mpira wa kasi ulionyooka huishia kwa mashabiki jukwaani. Anza na mkono. Hatua, bega na kiwiko viwe vilevile kila anaporusha, mpigaji asipate cha kubashiri. Kisha hamisha macho kwa mdakaji. Glavu yake ikitulia pale alipoitega, mrushaji anaijua kazi. Ikihangaika kuufuata mpira, bado hajaiva.

Kipimo changu ni Mariano Rivera, mtoto wa mvuvi wa Puerto Caimito, Panama, aliyeichezea Yankees ya New York kuanzia 1995 hadi 2013. Aliingia mwishoni mwa mechi kuulinda ushindi, akafaulu mara 652, na karibu muda wote alitegemea mpira wa aina moja: wa kukata, alioupata 1997 akirushiana na mwenzake mazoezini. Ulikuja kama ulionyooka, kisha ukachepuka karibu kabisa na mpigaji. Ulichepuka kidogo tu, na uzuri wake wote uko hapo. Mpira unaopinda mapema huonekana, mpigaji akajirekebisha. Huu ulipopinda, gongo lilikuwa limeshatoka begani. Kutoka kwa mrushaji hadi kwenye bamba la mpigaji ni mita 18.44, mpira wa kasi hauchukui hata nusu sekunde. Mpigaji wa mkono wa kushoto aliukuta mpira mpinini, karibu na vidole, mbali na unene wa gongo. Ndiyo maana Rivera alivunja magongo mengi. Basi tega na sikio: gongo likipasuka, jua mpira ulifika ulikotumwa.

Wengi hukosea kwa kupima matokeo peke yake. Mnamo Novemba 4, 2001, katika mechi ya saba ya fainali ya ligi hiyo, Rivera alishindwa na timu ya Arizona. Kosa alilifanya, nalo tulihesabu: alipotoa pasi mbovu kwenda kituo cha pili. Lakini mpira wa mwisho, aliomrushia Luis Gonzalez wa Arizona, ulimbana mikononi kama ulivyokusudiwa. Gonzalez alikuwa ameshika gongo juu kuliko kawaida yake. Akaugusa ukaelea taratibu, ukapita juu ya mlinzi wa Yankees, Derek Jeter, aliyesogezwa mbele, ukaanguka nyasini. Nimeurudia mkanda wa mechi hiyo mara nyingi. Katika mpira ule sijaona kasoro.