Tatizo la "Maumbile" katika Kumfasiri Spinoza

Amwelezaye Baruch Spinoza (1632–1677) kwa Kiswahili hujikuta mara moja akisema kwamba mwanafalsafa huyo wa Uholanzi alifundisha juu ya "Mungu au maumbile". Kauli hiyo ina makosa mawili, na la pili ni zito zaidi.

La kwanza ni la kiunganishi. Katika Ethica, kitabu kilichochapishwa mwaka 1677 baada ya kufa kwake, Spinoza ayaunganisha majina hayo kwa neno la Kilatini sive, na pengine seu. Kilatini kinalo pia aut, ambalo hutenga: hiki au kile. Sive hulinganisha: majina mawili, kitu kimoja. "Au" yetu hufanya kazi zote mbili, na msomaji asiyeonywa hudhani anatakiwa kuchagua. Heri "yaani".

Kosa la pili limo katika nomino yenyewe. "Maumbile" latokana na kitenzi "umba", na kilichoumbwa kina muumba aliye nje yake, kama mfinyanzi alivyo nje ya chungu. Hilo ndilo hasa alilolikana Spinoza. Kwake Mungu ni sababu iliyomo ndani ya vitu vyote, wala si fundi aliyevitengeneza kisha akasimama kando. Katika sehemu ya kwanza ya kitabu atofautisha natura itendayo na natura itokanayo na kutenda huko; "maumbile" yakaribia ile ya pili tu. Basi mfasiri amkanaye muumba kwa sentensi amrudisha kwa msamiati.

Napendekeza "asili", neno tulilolipata kutoka Kiarabu, lenye maana ya shina na chanzo. Si kamilifu, kwani chanzo huweza kudhaniwa kuwa ni cha zamani kilichokwisha pita. Lakini walau halimtaji fundi.

Linabaki tatizo la sarufi, nalo silioni tiba. Kitenzi cha Kilatini agit chamfaa Mungu na chaifaa natura bila kubadilika. Sisi hatuna budi kuchagua: Mungu, yaani asili, "anatenda" au "inatenda"? (Wingi "miungu" una umbo la ngeli ya miti, lakini upatanisho wabaki wa watu.) "Anatenda" humpa Mungu nafsi na makusudio, ambayo Spinoza aliyakataa waziwazi. Mimi ningeandika "inatenda", nikijua kwamba wasomaji wengi watashtuka. Wakuu wa Uholanzi nao walishtuka, wakakipiga kitabu marufuku mwaka 1678.