Bei Kamili kwa Kazi Nusu

Mjukuu wangu alinijia mwishoni mwa likizo na fedha alizozichuma kwa kubeba matofali hapa Buzwagi, akaomba nimwongezee kiasi kilichopungua. "Babu, nataka kununua gemu," alisema. Muuzaji mmoja wa mjini alikuwa amemtajia bei ile ile ya siku mchezo ulipotoka: dola 60 za Kimarekani, yaani karibu shilingi 140,000 kwa kiwango cha mwaka 2020. Mchezo wenyewe ni Cyberpunk 2077, kazi ya kampuni ya CD Projekt Red ya Poland.

Sikumkubalia wala sikumkatalia. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya darasa na kuwapima walimu wanafunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha, na sijazoea kutoa alama kwa kitu nisichokiona. Tukaenda Kahama kwa rafiki yake mwenye PlayStation 5.

Ndugu msomaji, macho yangu yalishiba. Night City, mji wa kubuni huko California, una magorofa yanayopotea mawinguni, na mvua ikinyesha taa za kila rangi huonekana ndani ya madimbwi. Hata hivyo, kilichonigusa zaidi ni hadithi. Mhusika mkuu, V, anajikuta na kipande cha kompyuta kichwani chenye nafsi ya mwanamuziki aliyekwisha kufa, Johnny Silverhand, na nafsi hiyo inamla taratibu. Kwa wazee wa huku, habari ya marehemu kumwingilia aliye hai si ngeni. Kisha kuna msiba wa rafiki wa V, Jackie, ambapo kila mmoja anaweka kitu cha kumkumbuka marehemu na kusema maneno machache. Vijana wale wawili walinyamaza kimya, nami nikanyamaza nao. Kwa hiyo sisemi kwamba mchezo huu ni mbaya. Swali letu ni la bei.

Ulitoka tarehe 10 Desemba 2020, baada ya kuahirishwa mara tatu mwaka huo huo. Waliokuwa na mitambo ya zamani, PlayStation 4 na Xbox One, walikuta picha zenye ukungu, watu wa mjini wanaotoweka ghafla, na mchezo unaozimika katikati. Wiki moja baadaye kampuni ya Sony iliuondoa katika duka lake la mtandaoni na kukubali kurudisha fedha za walionunua humo. Haukurejea hadi Juni 2021. Wakati huo nakala zaidi ya milioni 13 zilikuwa zimekwisha kuuzwa.

Kasoro hutokea katika kila kazi ya binadamu, nami sizihesabu sana. Kinachoniudhi ni namna zilivyofichwa. Wahakiki wa mwanzo walipewa nakala ya kompyuta zenye nguvu, wakasifu walichokiona. Kampuni yenyewe baadaye iliomba radhi kwa kutouonyesha mchezo katika mitambo ya zamani kabla ya kuuza. Niliwahi kumpima mwalimu mwanafunzi aliyebandika ukutani michoro mizuri kuliko yote niliyopata kuona, akawauliza maswali watoto watatu hodari wa mstari wa mbele tu. Waliokaa nyuma hawakuambulia kitu. Michoro nilimpa alama zake, lakini somo sikuweza kulipitisha.

Njiani mjukuu wangu alijitetea. "Lakini Babu, walishautengeneza." Ni kweli. Masahihisho yalitolewa moja baada ya jingine, na toleo la 2.0 la Septemba 2023 lilibadilisha mambo mengi, na ndiyo maana nilichokiona Kahama kilipendeza. Kwa mwenye mtambo mpya, nakiri kwamba kazi hiyo sasa inastahili bei iliyoombwa. Ila toleo hilo halikutengenezwa kwa ajili ya PlayStation 4, na mtambo wa mjukuu wangu ndio huo. Aidha, hata masahihisho ya awali ni mazito mno. Kuyapata kunamaanisha kununua kifurushi cha intaneti baada ya kifurushi, gharama ambayo haikuandikwa kwenye jalada.

Sisi wa Buzwagi tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mwaka 2017 nchi nzima ilibishana juu ya makontena ya makinikia kutoka migodi ya Bulyanhulu na hapa kwetu, na ubishi wote ulikuwa juu ya kilichomo ndani. Mgodi wetu ulikoma kuchenjua dhahabu mwaka 2021, lakini somo limebaki: dhahabu hulipiwa kwa uzito na usafi wake, kamwe si kwa kung'aa.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Bei kamili ni ahadi ya pande mbili. Mnunuzi anatoa fedha zote siku hiyo hiyo, hivyo muuzaji naye atoe kazi yote, katika mtambo ule ule alioutaja. Uzuri wa sura unaweza kuongeza thamani ya kazi iliyokamilika. Hauwezi kufidia sehemu isiyokuwapo, hasa kwa kijana aliyelipa kwa matofali ya likizo nzima.

Nilimwambia fedha ni zake na uamuzi ni wake. Alifikiri hadi tulipofika nyumbani, akasema, "Basi Babu, nitangoja." Nyongeza aliyoiomba nilimpa hata hivyo, iwe mwanzo wa akiba ya mtambo mpya.