Mbwa Aliyefunzwa kwa Sauti

Nyuma ya kijiji cha Jambiani, kusini mwa Unguja, pale nyumba zinapokwisha na maweni kuanza, yupo msasi mmoja mtu mzima anayelea watoto wa mbwa. Nimemkuta amechutama kivulini na bakuli la ugali uliolowekwa kwa mchuzi wa samaki. Hakuwaita, wala hakuwashika. Alingoja. Walimjia wakirukiana, na kila aliyemparamia alirudishwa nyuma kwa sauti ndogo ya kooni, hata wakatulia. Walipotulia ndipo tonge zikatupwa, moja moja, kila mmoja kwa zamu yake. Mdogo wao alikuwa mpapiaji, akakosa mara nyingi kabla hajafahamu kwamba anayekaa kitako ndiye anayepata. Mzee hakumchokea. Fimbo yake ilikuwa imeegemezwa ukutani na ilibaki hapo.

Sisi ni Washafii, na suala la mbwa tumelisoma tangu chuoni: akikugusa na umajimaji wake, hapo unapaosha mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Wengi wetu tumeishia hapo hapo. Fundisho la usafi tumeligeuza kuwa ruhusa ya kurusha mawe, na mtoto anayemvurumishia mbwa jiwe njiani akitoka skuli hakuna mtu mzima anayemkemea. Lakini dini ni hiyo hiyo iliyotusimulia habari ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Ni hiyo hiyo iliyomruhusu mwenye haja ya kuwinda, ya mifugo au ya shamba amfuge mbwa. Na Suratul Maida, katika aya ya 4, inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, tena inaitaja elimu ya kumfunza kuwa imetoka kwa Mwenyezi Mungu. Mwalimu wa mbwa, basi, ana elimu mkononi, na elimu hiyo ina masharti.

Masharti yenyewe wasasi wa kusini waliyajua vizuri: mbwa akitumwa aende, akikemewa ajizuie, akikamata asile. Hilo la tatu ndilo linalonishangaza hadi leo. Fikiri mnyama aliyekimbia juu ya mawe makali, ameshika paa, damu ya moto imo kinywani mwake, na hali hakuna mtu karibu. Nani atamzuia? Fimbo haifiki huko. Anayepigwa hujifunza jambo moja tu, kwamba bwana wake akija kuna maumivu, kwa hiyo hulikokota windo akalile mbali. Anayelazwa na njaa nyumbani atajilisha porini. Kwa hiyo msasi alikuwa hana budi kumshibisha mtoto wa mbwa tangu anapoachishwa ziwa, na kumzoeza kuachia. Mzee yule wa Jambiani hutumia kipande cha ngozi kavu. Mtoto akikitia mdomoni, humwonyesha kitu kitamu zaidi, na akiachia hupewa hicho kitamu na ngozi akarudishiwa acheze nayo tena. Siku nyingi hupita hivyo. Mbwa anakua akiwa hajawahi kudhulumiwa na mtu huyu, na ndiyo maana siku ya msituni anamwekea paa miguuni.

Wanaodhani kwamba mtu asiyempapasa mbwa hawezi kumpenda, waende maweni na msasi wakati wa kusafisha miguu. Ardhi ile ni jiwe la matumbawe lililochongoka, na juu yake vichaka vya miiba. Watoto wa mbwa hupelekwa asubuhi jua halijakolea, wakimfuata mama yao, mwendo mfupi kwanza, kisha wa mbele kidogo. Wakirudi, mzee humlaza mmoja mmoja ubavu, akapekua kati ya vidole, akachomoa miiba kwa ukucha huku akimsemesha polepole. Hapo hakuna kukwepa umajimaji wala mate. Akimaliza hunyanyuka akachota udongo, akaosha mikono kwa hesabu, bila haraka, hadi ya saba. Tukumbuke kwamba kijiji hiki kwa miaka mingi kilitegemea visima na mapango yenye maji ya chumvi chumvi, na maji yalifika nyumbani vichwani mwa wanawake. Kila mwiba uliochomolewa ulikuwa na gharama yake ya maji, na msasi aliilipa. Mwenye kutafuta njia ya kujipunguzia kazi angeuacha mwiba umo.

Usasi wenyewe ni wa kale kusini huku. Katika Pango la Kuumbi, si mbali na Jambiani, wataalamu wa mambo ya kale wamefukua mifupa ya paa walioliwa na watu maelfu ya miaka kabla ya misikiti yetu. Wazee waliingia msituni na mbwa kuwafukuza nguruwe na kima waliovuka bigili, yaani ua wa shamba, na kuangamiza mihogo, na nyama ya nguruwe hakuna aliyeila. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wasasi wakapewa kazi ya kitaifa, na chui wa Unguja akasakwa hata akatoweka machoni mwetu. Paa nunga naye, ambaye nje ya Zanzibar hupatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya, amewindwa mno. Sheria ya misitu ya 1996 na Hifadhi ya Taifa ya Jozani ya 2004 zilihitajika, na mimi siombi paa nunga afukuzwe tena. Ninalolilia ni ulezi ule, ambao tumeuacha uzame pamoja na uwindaji.

Tazama ufukweni leo. Mwaka 1965 Wamarekani wawili, Scott na Fuller, walichapisha utafiti wao wa miaka mingi uliobainisha kwamba mtoto wa mbwa huzoea viumbe atakaoishi nao hasa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili. Wiki hizo, watoto wa mbwa wetu wa pwani wanazitumia mapajani mwa wageni wanaowapa mkate na kuwapiga picha, kisha wageni hao wanaondoka. Huo nao wanauita wema. Wengine wanachukuliwa na wenye majumba, wanafungwa mnyororo mfupi na kuchokozwa ili wawe wakali, na ukali huo tunausifu kuwa ndio mafunzo. Vijana wa wasasi wako mahotelini na kwenye ujenzi, na siwalaumu, kwani shamba la maweni halimlishi mtu kama zamani. Ila hakuna aliyeketi kando ya mzee akayatwaa haya.

Chanjo ya kichaa cha mbwa inapofika kijijini, wanaodungwa upesi ni wale wenye mtu wa kuwaita wakaitika. Waliobaki hutimkia vichakani, maana tangu wafumbue macho mkono wa binadamu ulioinuliwa kwao ulikuwa na jiwe. Siku mmoja wao akimuuma mtoto, tutasema mbwa ni mnyama mbaya.