Wimbo Unapobomoa Matamshi: Uhakiki wa Nyimbo za Watoto katika Vipindi vya Kiswahili

Utangulizi

Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili hapa Bujumbura tumezoea kuambiwa kwamba wimbo ni msaada mkubwa kwa mwanafunzi mchanga. Hatupingi. Tangu Kiswahili kilipoanza kuingizwa katika shule za msingi za Burundi, katikati ya miaka ya 2000, wakati nchi ikijiandaa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wimbo umekuwa kimbilio la mwalimu asiye na vitabu vya kutosha. Hauhitaji karatasi wala umeme. Katika makala haya, basi, hatuhakiki matumizi ya wimbo darasani, bali tunauhakiki wimbo wenyewe: unamfundisha mtoto nini? Kwa maoni yetu, nyimbo nyingi tulizozisikia zinajenga msamiati huku zikibomoa matamshi.

Tuliyoyasikia

Katika shule moja, ambayo hatutaitaja kwa kuwa kosa si lake peke yake, tulisikiliza watoto wa darasa la pili wakiimba majina ya vitu na watu wa shuleni. Sauti iliyotumika ni ile ya wimbo wa Kifaransa uitwao Frère Jacques, ambao karibu kila mwalimu wa hapa aliujua tangu utoto wake. Watoto waliimba kwa furaha na hakuna aliyesinzia. Lakini tulipotega sikio tulisikia "MWA-li-muu" na "KI-ta-buu". Nusu saa baadaye, wakati wa kusoma kwa sauti, watoto walewale walisoma "kitabuu" na "mwalimuu". Mwalimu wao akawasahihisha kwa subira, bila kujua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kosa hilo asubuhi.

Chanzo cha kosa ni rahisi kukieleza. Mwanzo wa sauti ya Frère Jacques una noti nne, na pigo zito huangukia noti ya kwanza na ya tatu. Mkazo wa Kiswahili, kama tujuavyo, huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo neno la silabi nne, mathalani "karibuni", "wanafunzi" au "tunasoma", hukaa vizuri kabisa, kwani silabi yake ya tatu hupokea pigo zito. Neno la silabi tatu halikai. Katika "mwalimu" na "kitabu" mkazo uko kwenye silabi ya pili, nayo huangukia pigo jepesi. Silabi ya mwisho huchukua pigo zito, kisha huvutwa ili kujaza noti iliyobaki.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu

Huenda msomaji akaona kwamba tunakuza jambo dogo. Tungekubaliana naye kama watoto hawa wote wangekuwa wamezaliwa Buyenzi, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya mtaani. Mtoto wa Buyenzi akiimba "KI-ta-buu" hudhurika kidogo tu, kwani akitoka nje atasikia "kitabu" mara mia. Lakini mtoto ambaye Kiswahili chake chote kinatoka darasani hana pengine pa kusahihishwa.

Aidha, lugha ya kwanza ya mtoto huyo ni Kirundi, na Kirundi kina masikio makali. Ni lugha ya toni, tena hutofautisha irabu fupi na irabu ndefu. Neno "inda" laweza kuwa tumbo, na kwa toni nyingine likawa chawa. Mtoto aliyekulia katika lugha ya namna hii hachukulii urefu wa irabu wala kupanda kwa sauti kuwa mapambo. Kwake hiyo ni sehemu ya neno. Tukimpa "kitabuu", atakipokea na kukitunza hivyo hivyo. Kwa maneno mengine, usikivu wake, ambao ungekuwa mtaji wetu, tunaugeuza kuwa hasara.

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Nchini Ghana, Ephraim Amu, mwalimu wa muziki na mtunzi, aliona jinsi nyimbo za kanisa zilizotafsiriwa zilivyoimbwa kwa sauti za Ulaya zisizojali toni za lugha za huko. Alichofanya ni kutunga nyimbo ambazo sauti yake hupanda na kushuka pamoja na maneno. Mwalimu wa lugha ana mengi ya kujifunza kwake, hata kama Kiswahili hakina toni.

Pingamizi moja

Mwenzetu mmoja wa fasihi alitukumbusha kwamba hata tenzi zetu zinapoghaniwa, mkazo wa kawaida hupindwa. Mshairi hujali mizani minane na vina. Mwimbaji naye huvuta silabi anayoitaka. Hoja hii ni ya kweli na hatuwezi kuipuuza. Hata hivyo, anayesikiliza utenzi ukighaniwa huwa anaijua lugha tayari. Kwake kupindwa kwa mkazo ni ladha, kwa sababu anajua neno lilipotoka. Mtoto wa darasa la pili anakutana na neno kwa mara ya kwanza ndani ya wimbo. Hana la kulinganisha nalo. Ndiyo maana hatudai kwamba kila wimbo wa Kiswahili ufuate mkazo. Tunadai hivyo kwa wimbo wa kufundishia tu.

Ngoma iliyoachwa nje ya darasa

Linalotusikitisha zaidi ni kwamba sauti hizi zinaazimwa mbali katika nchi yenye mapigo yake yenyewe. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Shuleni, ngoma hiyo huonekana siku ya mgeni. Mgeni akiondoka, inarudi stoo. Tena, amri ya rais ya Oktoba 2017 iliwazuia wanawake kuipiga, hivyo msichana hubaki mtazamaji hata siku hiyo ya mgeni.

Hatupendekezi ngoma hiyo iletwe darasani. Tunapendekeza kujifunza mpangilio wake. Wapigaji wake wana kazi tatu: amashakwe hushika pigo lisilokatika, inkiranya iliyo katikati huongoza, na ibishikizo huifuata. Mpangilio huo waweza kufuatwa kwa makofi tu. Kundi la kwanza lishike pigo la kudumu. Mtoto mmoja asimame katikati na kutamka neno. Kundi la pili lirudie neno hilo na kupiga kofi moja tu, pale mkazo ulipo. "Ki-TA-bu." "Mwa-LI-mu." Wakikua kidogo wapewe "barabára", njia ya magari, na "barábara", yaani sawasawa, wasikie jinsi kofi moja likihama maana nayo huhama. Katikati hapo msichana ana haki ya kusimama sawa na mvulana, na ahadi yetu kwa wazazi kwamba tunawafundisha watoto wote itakuwa imetimizwa.

Nini kifanyike

Hatusemi Frère Jacques ipigwe marufuku. Ni sauti nyepesi, na watoto wanaipenda. Mwalimu aichunguze tu kabla ya kuitumia: ahesabu silabi na kutafuta pigo zito. Mara nyingi dawa ni ndogo. "Kitabu" peke yake hakikai, lakini "ni kitabu" kinakaa. "Mwalimu" hakai, "ni mwalimu" anakaa. Silabi moja imeongezwa, mkazo umerudi mahali pake, na mtoto amepata sentensi kamili badala ya neno moja. Watoto wanaosema "mwarimu" na "shure", kwa mazoea ya Kirundi, watungiwe kiitikio chenye l nyingi. Wanaosema "gusoma" watungiwe chenye "kusoma" na "kusema".

Kazi hii haimsubiri mtaalamu wa muziki, ambaye shule nyingi hazina. Inamhitaji mwalimu wa Kiswahili anayeijua fonolojia yake, na hiyo tunaifundisha hapa idarani. Wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao waanze na wimbo mmoja tu. Wauimbe kwanza peke yao, polepole, wakipiga kofi penye mkazo. Kofi na pigo zito vikigombana, wimbo huo usiingie darasani kabla haujarekebishwa. Samaki mkunje angali mbichi.