Karatasi Mbili za Mwaka 1956

Kuna watu wanaofikiri kwamba mwandishi huru ni yule anayesema maneno makali juu ya wakubwa. Sisi hatufikiri hivi. Kumsema adui si kazi kubwa, hasa ukiwa mbali naye. Kazi ni kumwambia ndugu yako mbele ya watu kwamba amekosa. Na kazi iliyo kubwa zaidi ni kumwacha ndugu yako akujibu. Kwa kipimo hiki tunataka kupima karatasi mbili za siasa zilizotoka Léopoldville, mji unaoitwa sasa Kinshasa, katika mwaka 1956.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa. Kongo ilikuwa mali ya Ubelgiji tangu mwaka 1908. Watu weusi hawakuchagua watawala wa nchi, wala hawakuwa na vyama vya siasa. Mwishoni mwa 1955, mwalimu mmoja wa Antwerp, Bwana Jef Van Bilsen, alitoa mpango wake: Ubelgiji itayarishe uhuru wa nchi zake za Afrika katika muda wa miaka 30. Leo tunaona miaka hiyo ni mingi mno. Wakati ule Wabelgiji wengi walikasirika, wakaiona ni michache mno. Basi walibishana wao kwa wao, kama watu wanaobishana juu ya mgonjwa penye kitanda chake, wala hakuna anayemwuliza yeye mwenyewe anaumwa wapi.

Mwezi wa Julai 1956 mgonjwa alisema. Gazeti dogo lililoitwa Conscience Africaine, la vijana Wakristo wakiongozwa na Joseph Iléo, na Padri Joseph Malula akiwa karibu nao, lilitoa manifesto, ndiyo tangazo la mawazo yao. Walikubali muda wa miaka 30, lakini kwa masharti. Mpango uwe wa kweli, si wa kupoza watu. Wakongomani waulizwe. Rangi ya ngozi isimpe mtu cheo. Na ule umoja wa Ubelgiji na Kongo, ambao wakubwa waliusifu sana, wasiwekewe kwa nguvu.

Tumeisoma tena karatasi hii, na tunaisifu kwa jambo moja hasa: sauti yake. Haina matusi, wala haina maombi ya mtumwa. Inasema na Wabelgiji kama mtu mzima anavyosema na mtu mzima. Katika nchi ambamo baba wa watoto sita aliweza kuitwa “boy”, sauti ile peke yake ilikuwa tendo la uhuru.

Lakini kuna mahali ambapo mkono wa waandishi ulitetemeka. Walikataa vyama vya siasa. Walisema vyama vitawagawanya watu, na wakataka mwendo mmoja wa taifa, wote wakiwa pamoja. Tusiwahukumu upesi. Tangu mwaka 1954 walikuwa wameona vyama vya Ubelgiji vikileta Kongo ugomvi wao juu ya shule za misioni na shule za serikali, na Wakongomani wakiburutwa katika vita isiyo yao. Mtu aliyeona nyumba ya jirani ikiungua huogopa hata jiko lake mwenyewe. Hata hivyo tunauliza: kama hakuna chama, yule asiyekubali atakaa wapi? Karatasi haikujibu. Ilikuwa na neno la kumwambia mgeni, haikuwa na kiti cha kumkalisha ndugu anayepinga.

Ndugu huyo hakungoja kiti. Tarehe 23 Agosti 1956, ABAKO, chama cha Wakongo kilichoanzishwa mwaka 1950 kwa ajili ya lugha na desturi zao, ambacho mkubwa wake alikuwa Joseph Kasa-Vubu, kilitoa jibu. Kilisema: hatungoji miaka 30, uhuru utolewe leo. Tena kikataka uhuru wa magazeti, wa mawazo, na wa kukusanyika. Juu ya vyama kilisema wazi kwamba mashindano yake yana hatari, lakini bila hayo hakuna demokrasia.

Kwa maoni yetu, hapa karatasi ya pili iliona mbali kuliko ya kwanza. Ilijua kwamba watu wote hawawezi kuwa na wazo moja, na ya kuwa anayesema “sote ni wamoja” mara nyingi ataka kusema “sote mnifuate mimi”. Walakini nayo ina kosa lake. Ilitaka watu wa asili moja na lugha moja wakusanyike wafanye vyama vyao. Matunda yake tuliyaona: katika uchaguzi wa 1960 vyama vingi vilikuwa vya jimbo au vya kabila, na tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya uhuru, Katanga ilitangaza kujitenga. Basi ya kwanza iliogopa mabishano. Ya pili ilikubali mabishano, lakini ikayafungia ndani ya ukoo.

Nani alishinda? Kwa hesabu ya miaka, ABAKO. Fujo ya Léopoldville ilitokea tarehe 4 Januari 1959, na tarehe 30 Juni 1960 nchi ilikuwa huru. Miaka 30 ilikuwa imekuwa minne. Lakini kwa habari ya vyama, mambo yalirudi nyuma. Mobutu alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965, na mwaka 1967 akaunda MPR, mwendo mmoja wa taifa, ambamo kila mwananchi alihesabiwa kuwa mwanachama. Hatusemi kwamba vijana wa 1956 walimzaa Mobutu. Hawakutaka jambo la namna ile. Twasema tu kwamba mlango waliouacha wazi kwa nia njema, mwingine aliupitia kwa nia yake.

Na tazameni aliyeumia. Mwaka 1972 gazeti la Kikatoliki Afrique Chrétienne lilifungwa kwa sababu lilithubutu kuandika neno juu ya siasa ya “authenticité”. Malula, yule padri wa 1956, ambaye sasa alikuwa Kardinali, alifukuzwa katika nyumba yake, akakaa Roma miezi kadhaa. Katika nchi ya chama kimoja hata mzee aliyekuwa karibu na mwanzo wa uhuru hakuwa na mahali pa kusema “hapana”. Vyama vingine viliruhusiwa tena mwezi wa Aprili 1990 tu.

Kuna kosa moja ambalo karatasi zote mbili zinashiriki: ziliandikwa kwa Kifaransa. Twaelewa sababu: zilitaka kusikiwa Brussels. Lakini mkulima wa Kivu na mfanyakazi wa mgodi wa Katanga, ambao walisoma Kiswahili kama walisoma, waliambiwa habari ya uhuru wao na watu wengine, mara nyingi kwa ahadi za uongo wakati wa kura. Sisi tunaoandika kwa lugha ya watu tusilisahau jambo hili. Neno huru lisilofika nyumbani ni barua isiyo na anwani.

Basi, mkipokea leo habari za siasa, kwa redio au kwa simu ya mkononi, msiulize tu kama msemaji ni mkali. Ulizeni: je, amewahi kuwakosoa watu wa upande wake? Je, anamwacha mwingine amjibu? Asiyefanya haya ni mpiga ngoma wa mtu fulani, hata kama ngoma yake inapendeza.

Wazee walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Wapenda chama kimoja waliutumia usemi kama huu ili kutuambia tunyamaze, tuwe wamoja. Lakini tazameni vidole vyenyewe vinapofanya kazi hiyo. Havilali upande mmoja. Kimoja kinasukuma huku, kingine kinasukuma kule, na chawa anakufa katikati.