Alama ya Kitakoni

Sahani ya shangazi yangu wa Bagamoyo ni nyeupe, ukingoni ina maua ya buluu, na kitakoni ina herufi sita za Kichina. Ndiyo aliyokuwa akiandikia kombe kwa zafarani, kisha akaiosha kwa marashi na kuwanywesha wagonjwa. Mimi nilikuwa nimepata kitabu cha alama za kaure, kimojawapo cha vile vinavyopanga herufi upande mmoja na miaka upande wa pili. Nikalinganisha, nikazipata: chombo kimetengenezwa zama za Chenghua wa ukoo wa Ming, yaani kati ya 1465 na 1487. Nikamwambia shangazi kwamba sahani yake imepita miaka mia tano. Tangu siku hiyo akaifungia kabatini, wagonjwa wakanyweshwa kwa sahani ya bati.

Kitabu kile nimekisoma tena. Sifa yake ipo: herufi zimechorwa kwa uangalifu na miaka ya wafalme ni sahihi. Lakini ila yake ni kubwa, nayo ni kuichukulia alama kuwa cheti cha kuzaliwa. Katika enzi ya Kangxi, 1662 hadi 1722, wafinyanzi wa Jingdezhen waliandika jina la Chenghua, aliyekwisha kufa karibu karne mbili, kwa sababu kazi za zama zake zilitukuzwa. Tena mwaka 1677 ofisa wa huko alikataza jina la mfalme aliye hai kuandikwa kwenye vyombo. Kwa hiyo si kila aliyeandika jina la kale alikuwa mwongo; wengine walikuwa wakitoa heshima. Na Wajapani wa Arita, walioanza kutengeneza kaure mapema katika karne ya 17, waliliiga jina hilo hilo.

Hayo niliyajua baada ya kumpelekea sahani mzee mmoja mzoefu wa vyombo hivi. Herufi hakuzitazama. Alipitisha kidole kitakoni, akanionyesha makovu matatu madogo kama vichwa vya pini. Ni alama za vigingi vya udongo ambavyo mafundi wa Arita waliviweka chini ya sahani tanurini ili isibonyee. Wenzao wa Jingdezhen hawakuwa na desturi hiyo. Kidole kimoja kikaondoa zaidi ya miaka mia katika umri nilioutangaza.

Alama yenye kuaminika zaidi ni ile isiyo na fahari. Sheria ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa zitaje nchi zilikotoka. Ndipo vyombo vya Kijapani vikaandikwa "Nippon", mpaka 1921 neno hilo lilipokataliwa. Karani wa forodha ni shahidi bora kuliko mfalme.

Hata shahidi mwema huulizwa swali lake tu. Katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, mabakuli ya Kichina yalipachikwa kwenye chokaa, na mengi yamebanduliwa yakabaki matundu ya duara. Bakuli lililosalia hutuambia kwamba kaburi haliwezi kuwa la kale kuliko lenyewe. Halituambii zaidi ya hapo, kwa maana huenda lilikaa katika zidaka za nyumba kwa vizazi kabla ya kuwekwa juu ya maiti. Na lililobanduliwa likauzwa haliwezi kuulizwa hata hilo.

Nilirudi Bagamoyo kwa aibu.

"Shikamoo shangazi. Ile sahani si ya Uchina, wala haina miaka mia tano."

"Marahaba. Imevunjika?"

"Haikuvunjika."

"Basi ilete, mwanangu. Nina mgonjwa ndani."