Fasili ya Lugha na Kijana wa Mzanini

Kila mwaka wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa ya kuwa lugha ni mfumo wa sauti nasibu zitumiwazo na jamii katika kuwasiliana. Mimi nami nimeifundisha fasili hiyo miaka mingi, na mitihanini nimewapa maksi walioikariri vema. Leo naona yafaa kuihoji, kwani neno moja ndani yake, "sauti", lawaweka watu nje ya lugha.

Shaka hii ilinipata huku Namungo, upande wa Ruangwa na Nachingwea, katika msimu wa korosho. Kijana mmoja mwenye mtindio wa ubongo alikuwa ameketi karibu na mzani. Kinywa chake hakimtii, lakini husikia barabara, na Kiswahili akifahamu kama mimi. Mapajani alikuwa na kipande cha boksi chenye michoro na maneno machache: gunia, pesa, maji, moja, ndiyo, siyo, bado. Karani alipotaka kujua kama mzigo umekwisha, alimwuliza mjomba, mjomba akaitikia. Kidole cha kijana kilikuwa juu ya "bado", wala hapana aliyetazama. Dada yake ndiye aliyeinama, akasubiri, akataja kila kilichoguswa pasipo kuongeza lake: bado, gunia, moja. Gunia hilo lilikuwa lingali nyuma ya baiskeli.

Je, nani aliyesema hapo? Kwa fasili yetu, ni dada. Lakini kauli ilikuwa ya kijana. Dada alimwazima koo tu.

Kiswahili chenyewe kina busara kuliko fasili hii. Twanena kwamba barua yasema, sheria yasema, na kanga ya mke mwenza husema hata lile ambalo mvaaji hathubutu kulitamka. Vitu visivyo na kinywa tumevipa kitenzi hiki bila kusita. Binadamu tukamwita bubu.

Hata hivyo tusichanganye mambo. Lugha za alama za viziwi ni lugha kamili zenye sarufi zake, kama alivyoonyesha William Stokoe wa Marekani mwaka 1960. Boksi la kijana si lugha nyingine. Ni Kiswahili kilichopata njia ya mkono. Tena kina upungufu: aliyechora ni mwingine, na mwenye kumchagulia mtu msamiati amekwisha kumpunguzia mawazo ya kutoa. Hilo ni swali la uhakiki hasa, nasi hatujaliuliza.

Wanasheria wametutangulia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, katika ibara ya 2 wahesabu kuwa lugha zile zinenwazo, za alama, na nyinginezo zisizo za sauti.

Kabla sijaondoka nilimwuliza kijana ni neno gani lililokosekana katika boksi lake. Dada alikuwa amemfundisha herufi. Akaelekeza moja moja, polepole mno, katika gazeti nililomshikia: n, g, o, j, a.